Wiki Yenye Carama Yote Ilikaa

Nyinyi watatu wenye magilet ya bluu, zile vizibao za mradi, mulipanda tuktuk yangu jana pale Mutanga Nord, mukasema, "Carama, muzee, tusogee." Muzee! Mi nina miaka thelathini na tano, na meno yote iko. Lakini sawa. Mu hii kazi yenu, ya kuuliza watu wanasogea kiasi gani, mi ni muzee kweli, nilishatoka, ni retraité bila hata kipara. Hamukujua. Mulikuwa munaona shingo ya dereva tu. Shingo iko na masikio pembeni, nilisikia yote.

Yule wenu mwenye tableti imepasuka kioo alisema: "Ile barabara ya mwisho kule Carama ni wavivu tupu. Tangu juzi kila nyumba ni score faible. Leo tukae ku kivuli, tuandike faible kwa wenye wamebaki, basi." Mukacheka wote. Mi nilikaribia kuingiza tuktuk mu mutaro.

Mulishuka mbio. Lakini tangu jana mguu yangu moja haitulii, inapiga chini kama cherehani. Njo naandika hii ku simu nikingoja wateja. Superviseur yenu namujua, atawatumia. Musome mukiwa munakula.

Wakati yetu hakukuwa tableti. Ilikuwa karatasi, stilo na ubao ya kuegemea. Mvua ikinyesha unaficha yote chini ya shati, unakuwa kama mama mjamzito anakimbia bus. Lakini swali zilikuwa hizi hizi zenu: mu siku saba zenye zimepita, ulifanya kazi ya nguvu? Ya kadiri? Ulitembea? Ulikaa chini kiasi gani? Dakika ya nguvu unazidisha mara nane, ya kadiri mara ine, unajumlisha, mutu anapata score yake. Faible ni kusema anakaa sana. Modéré iko katikati. Élevé, huyo anasogea kama siafu.

Mi niliingia kwa kubeba balance, ile ya kupima kilo. Shule nilisoma mpaka la sita, na la sita nililirudia juu nililipenda sana. Siku moja enquêteur mumoja, mwenye kuuliza swali, akashikwa na malaria, na Mama Spès, mwenye alikuwa mukubwa wa ekipe yetu, akanipa stilo. Chef Déo, superviseur, akauliza: "Huyu mutoto wa Buyenzi hana diplome, itakuwa namna gani?" Mama Spès akajibu: "Diplome iko nayo mi. Itatosha wawili." Kuanzia siku ile, chini ya kila karatasi yangu kulikuwa sinyatire yake, ile sahihi yake.

Karatasi yangu ya kwanza ilikuwa pale pale Mutanga Nord. Bwana moja, tumbo yake inafika mu salon, yeye anafika nyuma. Nikamuuliza: "Wiki hii ulifanya kazi yenye inachokesha?" Akafikiri sana, akaita: "Eméry! Kuja ujibu hapa, we njo unafanyaga." Boy akaja na mupira ya maji mu mukono, akajibu yote vizuri: kuosha gari, kulima bustani, kubeba mifuko ya unga. Nikaandika. Élevé! Bwana mwenye tumbo akapata score ya mwanariadha, akafurahi, akanipa Fanta. Jioni Mama Spès akasoma, akanivuta sikio.

"Saidi, umepima nani?"

"Nyumba, mama."

"Nyumba haina moyo. Rudi."

Nikarudi. Fanta ilikuwa imeshakunywewa.

Ingine ilikuwa Kinanira, huyu kijana wa baiskeli mwenye kushusha ndizi kutoka milimani. Munawajua wale, kushuka wanashuka kama risasi, kurudi wanashika kamyo ya mizigo kwa nyuma, kamyo inawapandisha. Nikamuuliza:

"Ulipanda baiskeli wiki hii?"

"Ego, ndiyo."

"Ulikanyaga?"

"Kushuka haikanyagwi. Kupanda nilishika kamyo."

"Basi hukuchoka."

"We! Mikono ilikuwa inataka kutoka. Na moyo ilikuwa inapiga kama ngoma."

Nikaandika ya nguvu, mara nane. Mama Spès akasema ngoja kwanza. Akamuuliza yeye mwenyewe: "Moyo ilikuwa inapiga juu ya kazi, ao juu ya woga?" Kijana akacheka, akasema: "Mama, kamyo ilikuwa ya simenti na haina breki. Ilikuwa woga." Mama Spès akafuta. "Woga haina mara nane," akasema. Tulibishana mpaka ku gari. Mi nasema moyo ni moyo, ikipiga imepiga. Yeye anasema tunapima mwili, hatupimi yenye iko ndani. Sikushinda. Lakini ile neno nililiweka mu mufuko, na siku ingine ikatoka. Mutaona.

Sasa mushike hii, ni ya bure. Mutu wa kwetu hana dakika. Ukimuuliza "ulilima dakika ngapi?" atakutazama kama umemuomba pasiporo. Uliza kwa sufuria: "Ulilima kiasi cha maharage kuiva, ao kiasi cha chai kuchemka?" Hapo anajibu mbio. Na kama hujui kazi ni ya nguvu ao ya kadiri, uliza kama alikuwa anaweza kuimba. Mwenye anaimba, ni kadiri. Mwenye anaweza kutukana tu, tena neno moja moja, huyo ni nguvu.

Na ya mwisho ilikuwa ya Mama Spès, yeye mwenyewe alinipigia kelele nayo kila siku: "Kaa kwanza!" Mi nilikuwa nauliza nikisimama, mguu moja iko tayari mu nyumba yenye inafuata. Siwezagi kukaa. Bibi yangu anasema nilizaliwa nikitembea, mukunga akanikimbiza. Mama Spès yeye anaingia ku mutu, anatafuta kigoda, anakaa, anaangalia kuku, anasifu muhogo. Mi huku natikisa mguu. Karatasi zake zilikuwa chache kuliko zangu, lakini hakuna hata moja yenye ilirudishwaga.

Basi, Carama.

Tulifika ile barabara ya mwisho, hii hii yenu, yenye nyumba zinaishia mu mashamba ya lengalenga. Tunakuta turubali imefungwa, viti ya plastiki ya kanisa imepangwa, watu wamejaa, wananyamaza. Ilikuwa kilio. Muzee Salvator amekufa, mufyatua matofali; nusu ya nyumba za pale zilitoka mu mikono yake. Mke wake, Mama Odette, alikuwa amekaa ku mukeka katikati ya wamama, macho iko mbali.

Mi nikasema: "Mama Spès, twende, tutarudi wiki ingine."

"Wiki ingine programu inatupeleka Kinanira."

"Basi tuulize mbio mbio."

Akaniangalia vile mutu anaangalia sahani yenye imeanguka. "Mutu hapiti mbele ya kilio na karatasi mu mukono. Weka hiyo mu mufuko. Kaa."

Tukakaa. Wadogo zangu, tulikaa siku nzima! Hakuna swali hata moja. Mi nilihesabu mabati, nikahesabu tena, nikaanza kusogea ku kiti, mbele, nyuma, mbele, nyuma. Pembeni yangu alikuwa katekista wa pale, Kaka Jérémie, mwenye kuchunga viti ya kanisa. Akaninong'oneza: "Ndugu, ile kiti ni mugonjwa, usiichezeshe." Nikasema, "Sawa kaka." Nikachezesha. Mguu ya kiti ikasema *pa!* na mi nikaanguka mugongo, miguu juu, kiatu moja ikaruka ikaingia mu sufuria ya chai.

Kimya. Ile kimya yenye unasikia nzi anawaza.

Kisha Mama Odette akaweka kitenge mu kinywa. Mabega ikatikisika. Nilifikiri analia, kumbe anacheka. Wamama wote wakacheka, wakalia, wakacheka tena. Jérémie akaokota mguu ya kiti, akasema kwa sauti: "Huyu tumuite Vunjakiti." Ikabaki hivyo.

Kesho yake Jérémie mwenyewe njo alituambia: "Mulikaa na sisi. Basi ulizeni kazi yenu." Tukauliza nyumba kwa nyumba. Na kule bado wanashika ya zamani: mutu akifa mu barabara, jembe haiingii mu udongo, tofali haifyatuliwi, mpaka siku ya guca ku mazi, siku yenye watu wanakunywa pamoja, wanashukuru wenye walikuja, kisha kila mutu anarudi ku kazi yake. Muzee alikuwa ameumwa, watu walikuwa wamekaa naye tangu kabla ya kufa. Kwa hiyo majibu ilikuwa namna moja. "Ulifanya kazi ya nguvu?" "Tuko ku kilio." "Ulitembea?" "Kutoka ku kiti kwenda ku choo." "Ulikaa?" "Si unaona?"

Faible. Faible. Faible. Barabara nzima. Na kwa kuandika eti kuko kilio, hakukuwa nafasi. Manuel, ile kitabu ya maelekezo, ilisema mambo ya familia haiingii mu karatasi, tia alama tu. Tukatia alama.

Chef Déo hakuwa mutu mubaya. Alikuwa mutu wa haraka, anakulaga wali akisimama, na simu mu sikio. Alichukua zile karatasi, akazifungua kama karata, uso yake ikabadilika.

"Mulijaza hizi ku kabare gani, mukinywa pombe?"

Mama Spès akasema: "Chef, kulikuwa kilio."

Déo hakumuangalia yeye. Aliniangalia mi. "Kilio! Saidi, bibi yako amekufa mara ngapi?"

Hapa lazima muelewe. Mi nilikuwa nimeshaomba ruhusa mara mbili kwa kifo ya bibi. Mara ya kwanza ilikuwa mechi. Mara ya pili ilikuwa pia mechi.

"Mara mbili, chef."

"Na ile sambusa ya jana ku bureau, nani aliileta?"

"Bibi."

Bureau nzima ikacheka. Yeye hakucheka. "Umeua bibi mara mbili, haikukutosha, sasa unaua barabara yote ya Carama. Na we, Mama Spès, unatia sinyatire." Akapiga karatasi ku meza. "Ijumaa naenda mwenyewe. Watu wale wale, swali zile zile. Majibu ikifanana, nitaomba musamaha mbele ya watu wote. Isipofanana, munatoka wote wawili, na miradi yote ya hapa Bujumbura itajua mulitoka juu ya nini."

Mi kufukuzwa, sawa, narudi Buyenzi nauza maji. Lakini Mama Spès alikuwa amebakiza kidogo apumzike. Miaka yote ile hakuna karatasi yake imerudishwa, sasa atoke kama mwizi wa majibu, juu ya mutoto mwenye yeye mwenyewe alimukopesha diplome.

Tulitoka nje. Mi nilikuwa nafurahi. "Mama, tumepona! Aende aulize, atakuta ukweli."

Yeye alikuwa anahesabu siku ku vidole. Tulifika ku barabara, akasema: "Guca ku mazi ilikuwa siku gani?"

"Alhamisi ile yenye imepita."

"Na Ijumaa akiuliza siku saba zenye zimepita?"

Wallahi! Munaona? Siku saba zinatembea! Swali ni ile ile, lakini wiki yenye inauliza ni ingine. Watu wote wa ile barabara walisharudi ku jembe na ku matofali, tena na nguvu ya kulipa siku zenye walikaa. Chef Déo atakuta élevé, élevé, élevé, mahali sisi tuliandika faible. Ukweli yetu itaonekana uongo, na watakuwa ni watu wakweli wenye watatuua.

"Nakamata pikipiki sasa hivi," nikasema, "naenda Carama, namwambia Jérémie awaambie watu wakiulizwa waseme bado wamekaa."

"Utafundisha watu majibu?"

"Majibu ya kweli, mama! Ya wiki ile!"

"Saidi. Siku yenye utafundisha mutu majibu, Chef Déo atakuwa amesema kweli juu yetu." Akatafuta jiwe pale pembeni ya barabara, akakaa. "Kaa."

"Siwezi kukaa!"

"Najua. Kaa."

Sikukaa. Nilizunguka ile jiwe mpaka jua ikaanza kushuka, lakini Carama sikuenda.

Ijumaa tulienda mu gari ya mradi, sisi wawili nyuma. Déo alitukataza kufungua kinywa. "Nauliza mi. Nyinyi ni picha."

Wa kwanza alikuwa mu shamba, analima, anajibu bila kusimama. Kulima? Siku zote. Ya nguvu? "Kuja ushike jembe uone." Alianza kusema, "Lakini ile wiki ingine sisi tulikuwa..." Déo akamukata: "Apana, baba, siku saba tu. Usitoke mu siku saba." Manuel inasema hivyo, kweli. Élevé.

Wa pili, mama mwenye kubeba matofali ku kichwa. "Kabla ya hapo tulikuwa..." "Siku saba tu, mama." Élevé.

Wa tatu, élevé. Déo alikuwa hafurahi, musifikiri. Alikuwa anaandika polepole, kila karatasi polepole kuliko ingine, na hakuwa anamuangalia Mama Spès tena. Mama Spès anatembea nyuma yake, mukoba ku bega, kama mutu anaenda kusali. Mi miguu ilikuwa inataka kukimbia peke yake, iniache pale.

Halafu dirisha moja ikafunguka, sauti ikatoka: "Yoo! Vunjakiti amerudi!"

Ingine huku: "Vunjakiti! Umeleta kiti yetu?"

Barabara ikaamka. Watu wakatoka, wanacheka, mumoja anaanguka chini kwa makusudi, miguu juu, kuonyesha wengine. Déo akageuka.

"Wanaita nani?"

Mi ni picha, sijibu. Nikanyoosha kidole ku kifua yangu.

Tukafika ku nyumba ya Mama Odette. Jérémie akatoka nyuma na kiti ya plastiki, mguu moja imefungwa na kijiti na kamba. "Karibu, Vunjakiti. Kanisa ilikataa kuipokea, inasema ni yako." Akamuona Déo, akamupa mukono. "We njo mukubwa wao? Tunashukuru. Wengine wanapitaga hapa na karatasi zao, wanauliza mutu akiwa analia. Hawa waliweka mu mufuko, wakakaa na sisi siku nzima. Huyu akatuvunjia kiti kabla marehemu hajapelekwa makaburini, na mujane akacheka. Kuko watu hapa wenye walisema Salvator njo alimusukuma."

Déo aliangalia kiti. Akaangalia kamba. Akaangalia Mama Spès, na hapo midomo yake ikaanza kutafuta maneno. Mama Spès akamusaidia: "Bado mumoja, chef. Mama Odette iko ku liste."

Mi nilikuwa natabasamu mpaka masikio. Tumepona! Nilitaka kucheza. Tukazunguka nyumba.

Mama Odette alikuwa mu shimo ya udongo, kitenge imefungwa juu ya magoti, anakanyaga udongo wa matofali. Ile ni kazi ya wanaume wawili. Pembeni matofali mabichi yamepangwa mustari kwa mustari, mpaka mu njia. Muzee aliacha kazi katikati; yeye alikuwa anaimaliza.

Déo akaanza, sauti yake sasa iko chini. "Mama, mu siku saba zenye zimepita, ulifanya kazi ya nguvu?"

"Hii."

"Siku ngapi?"

"Zote." Hasimami. Anakanyaga.

"Kwa siku moja, kiasi gani?"

"Kutoka jua inatoka. Jua ikiisha naosha nguo. Nguo zikiisha naosha tena zile zile."

"Na kukaa chini?"

"Sikai."

"Hata kwa kula?"

Hapo akasimama. Udongo mpaka magoti. "Nikikaa, namuona. Pale mbele yangu, amefunga mikono, ananyamaza. Wiki ile mulijaza viti yote, hakukuwa nafasi yake. Sasa viti imerudi ku kanisa."

Akaanza tena kukanyaga.

Stilo ya Déo ikabaki juu ya karatasi. Najua alikuwa anafanya nini, hata mi kichwa yangu ilifanya yenyewe, ni ugonjwa wa kazi: zote, mara masaa, mara nane. Score yake ilikuwa ya juu kuliko zote za ile barabara. Kwa karatasi, hakukuwa mutu muzima kama yeye mu Carama. Nikakumbuka kijana wa kamyo. Woga haina mara nane. Lakini hii ya Mama Odette ilikuwa nayo, tena ilikuwa imejaza karatasi.

Déo akaandika yenye alipaswa kuandika. Kisha, yeye mwenye kula wali akisimama, akavuta suruali ku magoti, akakaa ku matofali. Mama Spès alikuwa ameshakaa, sijui saa gani. Jérémie akakaa ku kizingiti. Nikabaki mi na ile kiti.

Déo akasema, bila kuniangalia: "Saidi, kaa."

Nikakaa. Ile kamba ilikuwa inasubiri mutu atikisike tu. Mama Odette alikanyaga, akakanyaga, akatuangalia mumoja mumoja, akaangalia kila mahali penye pangeweza kuwa na nafasi ya muzee. Akatoka mu shimo. Akaja kukaa pembeni ya Mama Spès, udongo bado mu miguu.

Tulikaa pale mpaka kivuli ya nyumba ikafika ku shimo. Ile kiti haikulia hata mara moja.

Musamaha Déo aliomba, mbele ya bureau nzima, akisimama. Mama Spès alitoka ku kazi wakati yake, na keki, na hotuba mbaya sana yenye mi nilitoa. Na ile swali yenu ya kwanza ku tableti, "Je, hii wiki ilikuwa kama wiki zingine?", munaibonyezaga "ndiyo" bila kuuliza, nimewaona mu kioo ya tuktuk. Déo njo aliiongeza, Jumatatu yenye ilifuata.

Sasa munajua juu ya nini mguu yangu haitulii. Jana, wakati mulishuka mukaenda ku kivuli, mi niligeuza tuktuk kule mwisho. Turubali imefungwa. Viti ya plastiki imepangwa mpaka mu njia. Siyo wavivu, wadogo zangu. Wamekaa.

Sikuuliza ni nani amekufa. Nyumba ya Mama Odette iko pale pale, na zile viti zilikuwa kati yake na ya jirani, huwezi kujua ni za wapi. Nilikanyaga mafuta nikakimbia, mi, Vunjakiti.

Mutu amegonga mulango ya tuktuk, anataka Kinanira. Nimemwambia apana, naenda Carama. Nyinyi mukifika, tableti muiweke mu mufuko kwanza. Mutanikuta nimekaa.